Gari la Nyika Lipimwe Kabla ya Kupakiwa Nyumba

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walinena wahenga. Methali hii huelekezwa kwa binadamu asiyehisi uchungu wa mwenzake, lakini siku hizi yafaa wasomewe pia wenye magari makubwa ya safari, maana wengi wao huliona gari kama kiumbe kisichochoka.

Katika miaka ya hivi karibuni Wakenya wengi wamejenga mazoea ya kuizuru nchi yao kwa magari yao wenyewe na kulala nyikani. Zamani jambo hili lilidhaniwa kuwa la wageni na watalii. Leo utazikuta familia kutoka Nairobi, Nakuru na Mombasa zikielekea Maralal, Loiyangalani, jangwa la Chalbi au bonde la Magadi, zikiwa na hema na sufuria. Hili ni jambo la kupongezwa. Mwananchi anayeijua nchi yake kwa macho huipenda zaidi, na fedha anazotumia njiani huwafaidi wenyeji wa sehemu ambazo kwa muda mrefu zilisahauliwa.

Kinachotutia wasiwasi ni namna magari hayo yanavyotayarishwa. Mtu hununua gari kubwa, mathalani Toyota Land Cruiser, kisha hulipeleka katika karakana liongezwe kila kitu alichokiona kwenye gari la jirani. Fundi hachoki kufunga wala mwenye gari hachoki kulipa. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: je, gari hili sasa lina uzito gani?

Hebu tupige hesabu pamoja. Land Cruiser ya aina ya 200, iliyoanza kuundwa mwaka 2007, ina uzito wa takriban kilo 2,700 likiwa na mafuta lakini bila abiria. Kikomo cha uzito wake pamoja na kila kilichomo ni takriban kilo 3,350, ingawa viwango hivi hutofautiana kidogo kutoka toleo hadi toleo. Maana yake ni kwamba gari hilo kubwa, linaloonekana kana kwamba laweza kubeba kilima, limeruhusiwa kubeba kilo 650 tu.

Watu wazima watano wenye uzito wa kilo 75 kila mmoja ni kilo 375. Sasa ongeza bampa ya chuma, kilo 70. Winchi ya kujivuta matopeni, 35. Keria ya juu, 40. Hema la juu ya paa, 65. Tangi la pili lililojaa lita 90 za dizeli, kilo 100. Maji lita 60, kilo 60. Friji, masanduku ya kuvuta na chakula, kilo 100. Betri ya pili, 25. Vifaa hivyo pekee ni kilo 495. Ukivijumlisha na abiria utapata kilo 870, yaani kilo 220 kupita kikomo, na bado hatujataja gurudumu la pili la akiba, jeki, viti wala mitungi ya gesi.

Wapo watakaojibu kwamba fundi alibadilisha springi na shokomzoba, na kwa hiyo gari lina nguvu mpya. Hilo ni kosa kubwa la kufikiri. Springi ngumu huliinua gari lisionekane limelemewa, lakini breki ni zile zile, ekseli ni zile zile, na chasisi ni ile ile. Gari lililolemewa huchukua mwendo mrefu zaidi kusimama, na barabara zetu hazikosi mbuzi, mtoto wa shule au lori lililoharibika penye kona. Isitoshe, uzito uliowekwa juu ya paa hukiinua kitovu cha uzito, na dereva anapokata usukani ghafula, gari huwa jepesi kupinduka. Yafaa pia kujua kwamba paa linaloweza kuwabeba watu wawili waliolala, gari likiwa limesimama, haliwezi kubeba uzito huo huo gari likirushwarushwa kwenye njia iliyojikunja kama mabati.

Mwandishi wa safu hii aliwahi kukesha kando ya njia kati ya Baragoi na South Horr kwa sababu ya kosa hili hili. Tulikuwa watu wazima watano, na gari la rafiki yetu lilikuwa limetoka karakana juma lile, liking'aa kama bibi harusi. Springi ya nyuma ilivunjika, kisha miguu miwili ya keria ikakatika na hema likaning'inia ubavuni. Jioni alitokea dereva wa lori la mbuzi. Aliizunguka milima ya vitu tuliyokuwa tumeishusha, akatuuliza kwa upole, "Wazee, mnahama?" Tulipomwambia kwamba safari yetu ilikuwa ya siku nne, alicheka hadi akaketi. Tulicheka naye, ingawa kwa aibu. Lau springi ile ingevunjika tukiteremka mlima kwa kasi, huenda pasingekuwa na wa kucheka.

Jambo la ajabu ni kwamba wenyeji wa kaskazini wangeweza kutufunza somo hili bila malipo. Warendile na Wagabra wamehamahama na nyumba zao tangu zama za mababu. Nyumba hubomolewa, fito na mikeka ikafungwa juu ya ngamia, na mzigo husawazishwa pande zote mbili ili mnyama asiyumbe. Huchukuliwa kile kinachohitajika kwa maisha, na ngamia dhaifu habebeshwi mzigo wa ngamia mzima. Watu hao hujua kwamba mnyama akianguka, nyumba, maji na watoto wote wako hatarini. Sisi tunaokwenda kwao kwa matembezi tu tumeshindwa kuelewa jambo ambalo kwao ni elimu ya utotoni.

Hatusemi kwamba gari lisibadilishwe. Mawe ya volkano ya Loiyangalani hupasua magurudumu ya kawaida, na Chalbi ikinyeshewa, tope lililojificha chini ya ganda la chumvi humeza gari hadi milangoni. Mabadiliko mengine ni ya lazima. Magurudumu imara, pampu ya upepo ya kuyajaza tena baada ya kuyapunguza kwenye mchanga, kamba na ndoano madhubuti za kuvutia, maji ya kutosha na gurudumu la akiba lililo zima: haya huokoa maisha na si mazito mno. Hema la kusimikwa chini hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya hema la paani, na hulaza watu vizuri vile vile.

Hata yale ya lazima yana masharti yake. Ukiweka magurudumu yaliyo makubwa kwa asilimia 5 kuliko ya awali, kipima mwendo kikionyesha kilomita 100 gari kwa kweli huenda takriban kilomita 105 kwa saa. Waya wa betri ya pili ukipitishwa sakafuni bila fyuzi karibu na betri ya kwanza, siku utakapochubuka gari litashika moto. Nayo chasisi iliyochomelewa ovyo hupungukiwa na nguvu pale pale ilipounguzwa.

Mafundi wetu wa jua kali hawakosi ujuzi. Ni katika karakana za Kenya ambamo paa za magari ya watalii hukatwa na kufanywa za kuinuliwa. Ni Wakenya pia wanaounda magari ya mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989 na kuchangia fedha za ua wa umeme wa milima ya Aberdare, uliokamilika mwaka 2009. Kinachokosekana ni desturi ya kupima na kuandika. Fundi anayestahili kuaminiwa angempa mwenye gari karatasi inayoonyesha alichofunga na uzito wake, na angekuwa na ujasiri wa kumwambia, "Mzee, hapa inatosha."

Mwenye gari naye apeleke gari lake mizanini, likiwa limejaa kama siku ya safari, kabla ya kuondoka. Mizani ya Mlolongo na Gilgil iliwekwa kwa ajili ya malori, lakini maghala ya nafaka na machimbo ya mawe huwa na mizani yao. Aiarifu pia kampuni yake ya bima kuhusu kila badiliko, kwa maana bima iliyofichwa ukweli yaweza kukataa kulipa siku ya msiba.

Kwa upande wa serikali, tunaiomba Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) iweke kanuni za mabadiliko haya kwa lugha ambayo fundi na mteja wataielewa, na ukaguzi wa gari lililobadilishwa uambatane na kulipima uzito. Kanuni hizo zisiwe kichaka kipya cha kuvunia hongo barabarani, wala zisiwanyime mafundi riziki. Yule anayefanya kazi safi apewe cheti, ili mteja ajue pa kwenda.

Nchi yetu ni pana na ni nzuri, na njia zake zatualika. Lakini anayesafiri na watoto wake amebeba zaidi ya mahema na majiko. Kabla ya kuongeza kilo nyingine juu ya paa, na aulize kama gari litaweza kuibeba, kwa kuwa gari halina ulimi wa kulalamika hadi siku linapovunjika.