Gari Kuukuu Lataka Pumzi Gani?

Jioni moja baada ya sala ya alasiri, tukiwa barazani hapa Mji wa Kale, kahawa chungu ikizunguka na kashata ikitafunwa, kijana mmoja wa ukoo wetu alinijia na suala ambalo hatukulizoea. Halikuwa suala la posa, wala la safari ya Lamu kwa Maulidi. Babake, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki akaacha gari la Kimarekani la zamani, lenye injini ya silinda nane na bonati ndefu kama ngalawa. Ni katika yale magari ambayo Wamarekani wenyewe huyaita magari ya misuli, yaliyoanza kushika chati mwaka 1964 zilipotoka Pontiac GTO na Ford Mustang, siku ambazo petroli ilikuwa rahisi kuliko maji ya kununua.

"Ami," akaniambia, "nina jamaa yangu Sharjah, yuko tayari kunitumia chombo cha kuliongeza nguvu lile gari. Nimwambie alete tabo ama supachaja?"

Baraza likagawanyika papo hapo. Wenye umri mdogo wakashika tabo, maana ndilo jina wanalolisikia kila siku katika Subaru zinazopita barabara ya Digo zikipiga mbinja. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya ufundi Shimanzi akasema supachaja. Mimi nilinyamaza siku ile, lakini nimelifikiri jambo hili, na rai yangu nitaitoa hapa bila ya kuificha.

Kwanza tuelewane juu ya vyombo vyenyewe. Injini huishi kwa pumzi. Petroli peke yake haiungui; yataka hewa, na kadiri hewa inavyokuwa nyingi ndani ya silinda, ndivyo petroli nyingi zaidi inavyoweza kuungua na nguvu ikazidi. Gari la kawaida huvuta hewa kwa kifua chake lenyewe, kama jahazi linavyongoja upepo ulioletwa na Mungu. Tabo na supachaja zote mbili ni mivukuto. Kazi yake ni ile ile ya mwanafunzi wa mhunzi, kusukuma hewa hadi moto ukali. Tofauti iko katika suala la nani anayeisukuma mivukuto hiyo.

Supachaja husukumwa na injini yenyewe kwa mkanda uliofungwa kwenye krenki. Injini ikizunguka, nayo huzunguka. Ikipunguza, nayo hupunguza. Kwa hivyo hula katika sahani ya mwenye nyumba, maana sehemu ya nguvu inayotengenezwa hutumika kuizungusha yenyewe. Tabo haili sahanini. Hiyo huzungushwa na moshi wa ekzosi ambao ungepotea bure, na kwa makombo hayo hupika biriani. Ni chombo cha akili na cha kubana matumizi. Aibu yake ni kwamba lazima moshi uwe mwingi kwanza ndipo kizunguke sawasawa. Unakanyaga mafuta, gari linasita kidogo, halafu nguvu inakuja kwa kishindo.

Wala vyombo hivi si vya jana. Ndugu wawili wa Kimarekani, akina Roots, walipata hati ya mashine yao ya kupuliza hewa mwaka 1860, na ilipulizia matanuri ya chuma kabla gari halijazaliwa. Tabo ni ya Mswisi, Alfred Büchi, aliyepata hati yake mwaka 1905, na kwa muda mrefu ilipata riziki yake katika injini za dizeli za meli. Meli kubwa zinazoingia Kilindini leo zinapumua kwa tabo, na lile lori unalolisikia likipiga mbinja kwenye mlima wa Mazeras linapumua kwa tabo pia. Katika magari madogo ya kuuzwa kwa watu, Wamarekani ndio waliotangulia kuitia, mwaka 1962, katika Oldsmobile na Chevrolet.

Sasa, vijana wetu wakitaka ushahidi hawana haja ya kwenda mbali. Mashindano ya Safari, yaliyoanza 1953, yametufundisha yote haya katika vumbi letu wenyewe. Mwaka 1964 Wamarekani walileta magari ya Mercury Comet yenye silinda nane, misuli mitupu, wakidhani wataifagia Afrika ya Mashariki. Mengi hayakumaliza safari. Aliyeshinda ni Peter Hughes kwa Ford Cortina, gari dogo la silinda nne. Shekhar Mehta alishinda mara tano, 1973 na tena kuanzia 1979 hadi 1982, bila ya tabo wala supachaja. Mwaka 1983 Audi Quattro za tabo zilikuja kwa vishindo, zikaambulia nafasi ya pili na ya tatu nyuma ya Ari Vatanen na Opel yake iliyovuta pumzi kwa kifua.

Tabo ilipata haki yake mwaka 1984, Björn Waldegård aliposhinda na Toyota Celica. Mwaka 1985 Juha Kankkunen akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo, na 1986 Waldegård akarudia. Katika Safari hiyo ya 1986 mashindano tunayobishania barazani yalifanyika waziwazi: Celica za tabo zilichukua nafasi ya kwanza na ya pili, na ya tatu ikaenda kwa Markku Alén aliyekuwa na Lancia 037 ya supachaja. Mwenye kupenda supachaja naye ana la kujibu, kwa kuwa ile 037 ndiyo iliyowanyang'anya Audi na tabo zao ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1983. Kisha Lancia wakaona wasichague; wakatoa Delta S4 mwaka 1985 yenye vyote viwili kwa pamoja. Mei 1986 Henri Toivonen na msomaji ramani wake Sergio Cresto walikufa ndani ya gari hilo huko Corsica, na mwaka ulipokwisha magari ya daraja lile yakaondolewa katika ubingwa wa dunia. Nguvu ilikuwa imewazidi hata waliozaliwa kwa ajili ya kuiendesha.

Basi vyombo vyote viwili vimeshinda na vyote vimeshindwa. Suala la kijana wetu si kipi kina nguvu zaidi. Suala ni gari gani, liko wapi, na ni la nani.

Tuanze na liko wapi. Tabo hupendeza sana bara. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa ya kule ni nyepesi. Injini ya kawaida ikipanda huko hupoteza karibu sehemu moja katika sita ya pumzi yake. Tabo humrudishia mpanda milima alichopokonywa. Sisi tuko ufukweni. Hewa yetu ni nzito, Alhamdulillahi, tumepewa bure kile ambacho wenzetu wanakinunua. Tatizo letu ni joto. Tangambili ikiingia, kaskazi imekwisha na kusi haijashika, mtu aliyekaa kivulini hutokwa jasho. Katika joto hilo utaweka chini ya bonati chombo ambacho moshi unaokizungusha una joto la digrii mia nane au zaidi, kisha ulisimamishe gari katika foleni ya Makupa au ya feri ya Likoni. Rejeta ya zamani itachemka kama sufuria ya uji wa Ramadhani. Tena tabo ina adabu zake: inataka oili safi, na ukifika nyumbani uiache injini izunguke polepole kidogo kabla ya kuzima, ama sivyo oili iliyo ndani yake huungua ikawa masizi. Ni kijana gani, akisikia adhana ya magharibi, atakaa garini kungoja tabo ipoe?

Tuje kwa gari lenyewe. Gari kuukuu ni kama nyumba zetu za mawe hapa Mji wa Kale. Kuta ni za matumbawe na chokaa, dari ni boriti za mikoko. Nyumba imesimama miaka na miaka kwa sababu kila kitu ndani yake kinajua uzito wa mwenzake. Anakuja mrithi, anataka kuongeza ghorofa ya zege juu. Ghorofa inapendeza siku ya kwanza. Masika ya pili ufa unaonekana ukutani, na ya tatu jirani anahama kwa hofu. Injini hizi nazo zilijengwa kwa hesabu. Nyingi za miaka ya sitini hubana hewa mara kumi kabla ya kuiwasha. Ukisukuma hewa nyingine juu ya hiyo, mafuta huwaka kabla ya wakati wake, injini inagonga kama mlango uliogongwa na mdai, na pistoni hutoboka. Nyingine zilizoea petroli yenye risasi, ambayo hapa kwetu iliondolewa kufikia mwaka 2006. Klachi, giaboksi na difu vyote ni vya umri mmoja. Na breki? Mengi ya magari hayo yana breki za ngoma magurudumu yote manne. Kuongeza mwendo wa gari lisiloweza kusimama si ufundi.

Ndiyo maana, nikilazimishwa kuchagua, nachagua supachaja, na katika supachaja nachagua ile ndogo inayofungwa ubavuni mwa injini kwa mkanda, yenye msukumo mdogo wa paundi tano au sita tu. Chombo cha aina hiyo si kigeni kwa magari haya. Shelby GT350 ya mwaka 1966 iliweza kuagizwa ikiwa nacho. Haigusi ekzosi, haiongezi tanuri chini ya bonati, na nguvu yake hupanda taratibu pamoja na mzunguko wa injini, haimrukii dereva katikati ya kona wakati barabara imelowa. Kabureta itabidi itayarishwe kupokea hewa ya kusukumwa, na majira ya cheche yarudishwe nyuma kidogo. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye subira. Lau kijana angekuwa na gari dogo la silinda nne, na kila wiki yuko njia ya Nairobi, ningemwambia achukue tabo na asitazame nyuma.

Lakini sababu yangu kubwa ni ile ya tatu: gari ni la nani? Nilimuuliza kijana, "Mirathi ya babako imeshagawanywa?" Akainamisha kichwa. Haijagawanywa. Mama ana thumni yake, na dada wawili wana mafungu yao. Gari limekaa kwa kijana kwa sababu yeye ndiye mwenye funguo, wala si kwa sababu yeye ndiye mwenyewe peke yake. Hapo nikaona kwamba suala lililokuja barazani kwa jina la ufundi, kwa asili yake lilikuwa suala la amana.

Hebu msomaji utazame. Supachaja ile kubwa ya aina ya Roots, inayokaa juu ya injini, mara nyingi hulazimisha bonati ikatwe. Tabo katika injini ya silinda nane yataka mabomba ya ekzosi ya pande zote mbili yatengenezwe upya, na mara nyingine chuma kikatwe yapate pa kupita. Kilichokatwa hakirudi, na thamani ya magari haya iko katika kubaki yalivyotoka kiwandani. Ukiikata bonati, umekata na fungu la dada yako. Supachaja ya ubavuni, ikifungwa kwa uangalifu, huweza kufunguliwa siku ya mgawo na gari likarudi kama marehemu alivyoliacha.

Liko na la jirani. Ukuta wa nyumba yetu ndio ukuta wa nyumba yake, na kichochoro kizima hakipiti gari mbili. Mgonjwa yuko juu, mtoto amelala chini. Mwenye kutaka kuivumisha injini saa sita za usiku, chombo chochote atakachofunga, amemdhulumu jirani. Jumapili jioni Lighthouse kuna upepo, kuna muhogo na madafu. Lakini hata pale kuna watoto wa watu wanaovuka barabara.

Basi nilimpa kijana mpango, na ndio ninaoutoa kwa kila mwenye gari la namna hii. Kwanza apate idhini ya mama na dada zake, na iwe idhini ya kweli, isiwe ya kunyamaziwa. Pili, fedha za mwanzo ziende kwenye breki, rejeta, mabomba ya mafuta na magurudumu. Tatu, fundi apime kila silinda inabana kiasi gani. Ikiwa injini imechoka, ijengwe upya kabla ya kufikiriwa chombo chochote. Nne, amwambie mwenye bima alichofunga. Hapo tena, kama fedha zimebaki na hamu imebaki, amwandikie jamaa yake wa Sharjah amtafutie supachaja ndogo. Nami nadhani wengi wakifika hatua ya tatu, wakaliendesha gari zima lililotengenezwa vizuri, watagundua kwamba lilikuwa na nguvu za kutosha tangu hapo, ila lilikuwa gonjwa.

Kijana aliniuliza swali moja tu: "Na mama akikataa, ami?"

Nikamjibu kwamba akikataa, alipige gari lile polishi vizuri, na siku ya Idi ampakie mama kiti cha mbele ampeleke Makadara polepole, vioo vikiwa chini. Marehemu alilinunua kwa ajili hiyo.