Nchi ndogo ni ipi? Waulizeni madalali wa kabichi

Kila siku tunaambiwa kwamba Tanzania ni nchi ndogo na masikini, kwa hiyo tusipige kelele mbele ya wakubwa. Wanaotuambia hivyo ni wale wale wanaopanda ndege kwenda kusaini mikataba kwa niaba yetu. Basi tuwaulize: udogo huo mmeupima kwa kipimo gani?

Kama ni kwa watu, Jumuiya ya Madola huiita nchi ndogo ikiwa na watu milioni 1.5 kushuka chini. Umoja wa Mataifa nako kuna kikundi cha nchi ndogo, kilianzishwa mwaka 1992, na mwisho wao ni watu milioni 10. Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania milioni 61.7. Tukibisha hodi pale tutafukuzwa. Kama ni kwa ardhi, Rwanda ina kilometa za mraba 26,338, karibu sawa na mkoa wa Tanga peke yake. Rwanda hiyo hiyo mwaka 2021 ilipeleka askari 1,000 Msumbiji, na Februari 2025 Baraza la Usalama lililazimika kuitaka iache kuwasaidia M23 walioiteka Goma, ndani ya Kongo ambayo ni kubwa kuliko Rwanda zaidi ya mara themanini. Hatusemi ni jambo la kusifia. Waulizeni akina mama wa Goma. Tunasema ramani inadanganya.

Huku Magamba jambo hili halihitaji profesa. Mkulima wa Shume au Lukozi ana shamba, ana maji, ana mgongo wa kubebea. Dalali hana hata tuta moja. Ana simu, anajua kabichi zimeamkia bei gani Kariakoo, na anajua mkulima anadaiwa ada ya mtoto. Basi mwenye shamba ndiye anayejaza lumbesa na kushukuru juu yake. Mataifa nayo ni hivyo hivyo. Nchi ndogo ni ile inayofika mezani haijui bei ya mali yake, ina shida ya haraka, na inaogopa kubeba mzigo wake kurudi nao nyumbani.

Kuna wakati hatukuogopa. Mwaka 1965 tulikuwa na watu milioni 12 hivi, na Ujerumani Magharibi ilikuwa ikitusaidia kuunda jeshi letu la anga. Ikatuwekea sharti: Wajerumani wa Mashariki waliokuwa wamefungua ubalozi Zanzibar wafungashiwe virago. Nyerere akakubali wabaki na konseli tu Dar es Salaam. Bonn ikaona haitoshi, ikaondoa msaada wa kijeshi. Nyerere akawaambia wachukue na uliobaki. Desemba mwaka huo huo akavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukaenda na maji. Miaka sita baadaye, Oktoba 1971, Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kuirudishia China kiti chake Umoja wa Mataifa wakati Marekani haitaki, na balozi wetu pale, Salim Ahmed Salim, alikuwa kijana wa miaka 29.

Hatumpambi Mwalimu. Mwaka 1965 huo huo ndio vyama vingine vilipofungiwa mlango kwa sheria, na mlango ukakaa umefungwa mpaka 1992. Lakini aliposema hapana, alisema hadharani, na nchi ilijua inapoteza nini na kwa sababu gani.

Sasa tazama Dubai. Si hata nchi kamili: ni mmoja tu kati ya falme saba zinazounda Umoja wa Falme za Kiarabu. Ndiye dalali wetu wa kabichi, hana shamba lakini anajua bei ya kila bandari. Tarehe 25 Oktoba 2022 serikali yetu ilisaini naye mkataba wa bandari. Mlalahoi wa Manzese na Ngamiani aliupata katikati ya 2023, Bunge lilipouridhia Juni 10. Ibara ya 23 ilisema hakuna upande utakaojitoa katika hali yoyote ile. Watu wakapiga kelele, mawakili wakaenda mahakamani Mbeya wakashindwa, na Agosti baadhi ya wapinzani wa mkataba wakakamatwa.

Oktoba 22, 2023 mikataba ya utekelezaji ikasainiwa Dodoma, safari hii ikiwa na ukomo wa miaka 30. Vigogo wanasema ukomo ulikuwepo kwenye mipango tangu mwanzo. Sisi tunaamini uliletwa na zile kelele. Mwenye mali anayejadiliana na tajiri hana silaha kubwa kuliko kusema, "Jamani, watu wangu hawatakubali." Serikali ilikuwa na silaha hiyo bure, ikaiweka mahabusu.

Milima hii imeshaona jambo hilo. Kimweri ye Nyumbai wa Vugha hakuwa na dola kubwa, lakini hata Sultani wa Zanzibar hakuweza kumpuuza katika mambo ya pwani ya Tanga na Pangani. Mmisionari Krapf alimfuata huku juu mara mbili, 1848 na 1852. Kimweri alipofariki mwaka 1862 wakubwa wa ukoo wakagawanyika. Semboja wa Mazinde, aliyekaa kwenye njia ya misafara, akatajirika kwa bunduki na biashara yake mwenyewe na watu wa nje, na kila mmoja akawa na mgeni wake. Wajerumani walipofika hawakukuta mfalme mmoja wa kuwaambia hapana. Lushoto wakaibandika jina la Kaisari wao, Wilhelmstal.

Kijana aliyekuwa na miaka 22 siku ile ya Dodoma atakuwa na 52 mikataba ya bandari itakapoisha. Akienda bandarini kuomba kazi, akilipa ushuru wa kontena la mitumba, yumo ndani yake. Mpeni nakala nzima, kwa Kiswahili, aisome kijiweni.