Mtoto mwenye kunyamaza naye ana neno

Mtoto akigombana na wenzake, mtaa mzima unajua. Lakini akinyamaza, tunamsifu: ana adabu, hasumbui mtu. Juma hili tuongee juu ya huyo wa pili.

Mwaka 2005 watafiti walichapisha kazi waliyofanya katika shule za Kinshasa. Waliwauliza walimu juu ya hali ya moyo na tabia ya watoto. Ni njia nzuri, lakini mwalimu, sawa na mama, anaona zaidi mambo ya nje: anayepiga wenzake, asiyetulia darasani. Hofu na huzuni vinakaa ndani, na mwenye kuvijua ni mtoto mwenyewe.

Sasa mtoto wa miaka 6, ambaye hajajua kusoma vizuri, atajibu namna gani? Daktari Jean-Pierre Valla na wenzake wa Montréal, Kanada, walitengeneza programu ya kompyuta kwa watoto wa miaka 6 hadi 11. Ndani yake mna picha za mtoto aitwaye Dominique: mara ana huzuni, mara ana woga, mara anagombana. Sauti inauliza kama yule anayetazama naye yuko hivyo, naye anabonyeza ndiyo au hapana. Kazi yote inachukua kama robo saa. Hakuna swali la kusema jambo lilianza lini, kwa sababu mtoto mdogo hawezi bado kuhesabu majuma na miezi.

Njia hii inatupendeza, lakini tuwe macho. Maswali ya Montréal hayawezi kuletwa Kindu yalivyo. Ukimwuliza mtoto wa Kasuku au wa Alunguli kama anaogopa kulala peke yake, huenda akasema ndiyo, maana tangu azaliwe analala mkeka mmoja na ndugu zake. Huo si ugonjwa. Kule Bunia, watafiti waliotaka kuwauliza vijana wa shule juu ya machungu ya vita walianza kwa kutafsiri maswali na kuyapima pamoja na watu wa pale. Na hapa kwetu iwe hivyo, na akina mama tuwepo. Sisi ndio tunajua watoto wetu wanasemaje roho ikiwauma.

Siku mtu akifika masomoni au kwenye kituo cha afya na mashine ya namna hiyo, tumwulize: nani atasoma majibu? Mtoto akionekana ana shida, atapelekwa kwa nani? Kama hakuna wa kumsaidia, ni kufungua kidonda na kukiacha wazi. Na mtoto anapojibu, tusisimame nyuma yake. Atajibu lile analofikiri mama analitaka.

Tena, majibu si hukumu. Mashine haisemi kwamba mtoto ni mgonjwa. Inaonyesha tu kwamba aangaliwe zaidi na mtu mwenye ujuzi. Tunasisitiza hilo maana tunayajua maneno ya mitaani. Mtoto anakojoa kitandani, anapiga kelele usiku, na kabla jua halijatua ameitwa mchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumshtaki mtoto uchawi. Anayekojoa kitandani anahitaji kusikilizwa na kupelekwa kwa mganga wa kituo cha afya.

Mashine isipokuwepo, jioni ipo. Tunapotwanga sombe, tumwambie mtoto: kuna mtoto mmoja anaogopa sana usiku ukiingia, na wewe je? Tena: kuna mwingine, moyo wake ni mzito, hataki kucheza, na wewe je? Halafu tunyamaze. Tusicheke, tusimkaripie, tusimpelekee jirani habari yake. Akijibu leo au juma lijalo, ajue kwamba mama yake alikuwa anangoja kumsikia.