Dosari Isifutwe, Iandikwe

Mwanafunzi aonapo kipimo kimoja hakilingani na vingine, mara nyingi hushawishika kukifuta ili jedwali lake lipendeze. Kwa maoni yangu, mazoea hayo ni adui wa sayansi. Viwanda vinavyotengeneza diski za kuhifadhia kumbukumbu za kompyuta vinatupa somo lililo kinyume kabisa.

Diski ngumu ni sahani ya alumini au kioo iliyopakwa utando mwembamba wa sumaku. Huzunguka kwa kasi, na kichwa cha kuandikia na kusomea huelea juu yake bila kuigusa. Katika mashine ya IBM ya mwaka 1956 iitwayo RAMAC, iliyokuwa na sahani 50, nafasi kati ya kichwa na sahani ilikuwa mikromita 20 hivi. Siku hizi ni nanomita chache tu, ilhali unene wa karatasi hukaribia nanomita 100,000. Kwa kichwa hicho, chembe ya moshi ni jabali katikati ya barabara.

Kwa hiyo kila sahani haina budi kukaguliwa. Kwanza, kichwa maalumu chenye fuwele igeuzayo mtikisiko kuwa umeme hupitishwa karibu sana na uso wake. Kikigonga kinundu, umeme hutokea. Sahani yenye kinundu kilichozidi kiasi hukataliwa, maana kinaweza kukikwaruza kichwa na kuangamiza kumbukumbu zote. Pili, alama za sumaku huandikwa juu ya sahani, kisha husomwa tena. Pale alama irudipo ikiwa dhaifu, huenda pana kishimo au utando umepungua.

Dosari hii ya pili, ikiwa ndogo, haiihukumu sahani nzima. Mahali pake huandikwa katika orodha, na mashine huparuka pasipo kuandika kitu hapo. Katika miaka ya 1980, orodha hiyo ilibandikwa juu ya diski nyingi ili mnunuzi aisome mwenyewe.

Yuko atakayesema kwamba mnunuzi anastahili sahani isiyo na doa lolote. Lakini sahani kama hiyo ingekuwa adimu na ghali mno. Isitoshe, dosari inayojulikana huepukwa; iliyofichwa ndiyo ipotezayo hesabu za benki na kumbukumbu za wagonjwa.

Walimu wenzangu, tumfundishe mwanafunzi kupambanua kama kiwanda kinavyofanya: ni kosa gani linalobatilisha jaribio zima, na ni lipi la mahali pamoja tu. Yote mawili yaandikwe. Anayeonyesha kipimo kilichopotoka na kutafuta sababu yake apewe alama nyingi kuliko mwenye jedwali safi lisilo la kweli. Tukituza usafi wa daftari peke yake, tutakuwa tunawazoeza vijana wetu kudanganya.