Jasho la Bilauri

Wakati wa kufuturu, bilauri ya maji baridi huacha duara la maji mezani, na mtoto hulaumiwa kuwa kamwaga. Hakumwaga. Maji yale yatoka hewani. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 yaweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke. Ikipozwa hadi nyuzi 5, haizidi gramu 7. Mvuke uliozidi hugeuka matone.

Basi, dada zangu, mkebe wa maziwa ya unga ya mtoto usiwekwe ndani ya friji. Kila ufunguliwapo, hewa yetu ya pwani huingia na kuacha umande juu ya unga baridi, ukafanya madonge na kuharibika. Bizari nayo, ukiitoa frijini, iache imefungwa hadi ubaridi uishe, ndipo uifungue.