Mama Thelma Ritter, wa sehemu ndogo

Juma hili tunawaletea habari za mama mmoja wa Marekani. Hakuwa na sura ya kuwekwa kwenye kalenda, na katika filamu zake karibu zote mkubwa wa hadithi alikuwa mtu mwingine. Ndiyo sababu tunampenda.

Thelma Ritter alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1902. Alisomea kuigiza, akacheza katika tamthilia, akaolewa, akazaa watoto wawili. Halafu akaiacha kazi kwanza, awalee. Hapo wengi wetu tunapajua: watu wanahesabu kwamba yako imekwisha.

Mwaka 1947, akiwa na miaka 45, alionekana katika filamu ya Noeli, Miracle on 34th Street. Ni kipande kifupi tu: mama aliyechoka, miguu inamuuma, anamtafutia mtoto wake kitu cha kuchezea na hakipati. Hata jina lake halikuandikwa kati ya waigizaji. Lakini wenye sinema walimwona, wakamwita tena. Kwa filamu za 1950 mpaka 1962 alipendekezwa mara sita kupata zawadi ya Oscar, na hakuipata hata mara moja. Walimwonea, tunasema sisi. Alifariki mwaka 1969.

Mkipata nafasi, angalieni The Mating Season (1951). Mtoto wake ameoa msichana wa familia kubwa. Mama anapofika kuwatembelea, bibi-arusi, ambaye hajapata kumwona, anadhani ni mpishi aliyeitwa kwa ajili ya wageni. Mama ananyamaza, anaingia jikoni. Je, sisi tungenyamaza? Mjadiliane katika vikundi vyenu, maana sisi walimu wenyewe hatukupatana.

Tena Pickup on South Street (1953). Humo anauza kravati barabarani, na kwa polisi anauza siri za wezi. Pesa anaziweka kidogo kidogo kwa ajili ya kaburi lake, asizikwe pamoja na maskini wasio na mwenyewe. Wamama wa likelemba watamwelewa upesi. Usiku mmoja anaingia mtu mwenye bastola, anataka aambiwe mwizi fulani anakaa wapi. Siri hiyo moja mama anakataa kuiuza, naye anauawa. Anayekwenda kulichukua sanduku lake, amzike vizuri, ni yule mwizi.