Utakula Fotoni?

Huku kwetu Flemingsberg karibu kila Mwafrika utakayekutana naye kwenye treni anasoma uuguzi, tiba au afya ya jamii. Si vibaya, Karolinska iko jirani. Lakini mdogo wangu aliponiambia kwenye simu anataka kusoma fizikia ya mwanga, mjomba alidakia: "Fizikia? Kwani utakula fotoni?" Nyumba nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Leo naona aibu.

Kuna mwenzetu anafanya utafiti mjini, AlbaNova. Alinionyesha kipande cha fuwele, kadogo kama punje ya mchele. Ukipitisha leza humo, mara chache sana fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, inagawanyika kuwa mbili. Nikauliza siri ni nini. Akajibu: mpangilio. Kwa umeme wa volti nyingi wanageuza mwelekeo wa ndani wa fuwele, tabaka hili huku, lile kule, kama mistari ya kikoi. Ukibadili upana na mfuatano wa mistari, unabadili rangi na umbo la fotoni zinazotoka. Ukipanga vizuri, fotoni za fuwele mbili tofauti zinafanana kama mapacha, na kompyuta za kwanta zinazotumia mwanga zinahitaji mapacha hao. Mwaka 2007, Carlota Canalias na Valdas Pasiskevicius wa KTH walitangaza kazi yao ya fuwele ambayo mistari yake inajirudia kila nanomita 800, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita!

Hapo nikakumbuka Tanzanite. Tangu 1967 tunaichimba Mererani, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ilikwenda ghafi kukatwa Jaipur, India. Fuwele ile ya AlbaNova haikuchimbwa popote, imekuzwa na watu. Thamani yake ni akili ya aliyepanga mistari. Sasa jamani, tutauza mawe mpaka lini?

Naomba kutoa hoja: tukienda likizo nyumbani, tuache kuwacheka wadogo zetu wanaopenda fizikia. Na wachache wanaoisoma hapa Stockholm waje kwenye mikutano yetu watueleze, kwa Kiswahili.

Mdogo wangu ameshajaza fomu. Ada ya mwaka wa kwanza nitalipa mimi, hata ikibidi nibebe boksi. Mjomba nitamweleza mwenyewe.